Hukuwepo Kimfumo

Aliyeitwa mtoro siku ile alikuwa kazini tangu asubuhi, na kiti chake kilikuwa bado cha moto. Tuanzie hapo, maana wengine wote walioingia katika kesi hii walianzia pengine, ndiyo sababu wakahangaika.

Alikuwa amevua hedifoni, anajinyoosha mgongo, akachukua simu aone kama kuna jipya. Lilikuwepo. Kwenye grupu la kazi, mbele ya wenzake wote, meneja alikuwa ameandika: "Vidole leo mtoro. Asiyetaka kazi aseme, walio nje wanaitaka." Chini yake watu wameweka vikaragosi vya kucheka. Aliyejitahidi kumwonea huruma aliweka kinacholia, lakini kwa haraka yake akachagua kile kinacholia kwa kicheko.

Vidole ndilo jina alilopewa kazini kwa kasi yake ya kuandika. Ofisi yao ilikuwa inapokea sauti za wateja waliopiga simu kulalamika, nao wanukuzi, kila mmoja nyumbani kwake, wanasikiliza na kuandika neno kwa neno, matusi yakiwemo. Siku hiyo alikuwa ameandika malalamiko mpaka masikio yanawasha. Halafu aambiwe mtoro!

"Fundi!" alimwita mumewe. "Hebu njoo. Mimi leo nilikuwa wapi?"

Mumewe alikuwa fundi wa makochi, na karakana yake ilikuwa kibarazani hapo hapo nje ya mlango. Alikuwa ameshika misumari kwa midomo, akaitema kwanza kiganjani. "Swali gani hilo? Si ulikuwa humo ndani? Umeniita weee, nipunguze nyundo, nipunguze nyundo, hujui kwamba kochi halipigwi kwa maneno."

"Wanasema sikuwepo."

"Nani anasema?"

"Meneja. Kaniandika mbele za watu."

Fundi alisoma ile simu akiwa amesimama mlangoni, na uso wake ukabadilika. Hakukasirika. Aliogopa, na mkewe alimwona. Miezi hiyo watu walikuwa hawatengenezi makochi, wanakalia hivyo hivyo yalivyochanika, na nyumba ilikuwa inasimama kwa vidole vya mke.

"Mpigie," alisema Fundi. "Mpigie kwa adabu."

Vidole alipiga, na kwa adabu. Meneja alimjibu kwamba mfumo unaonyesha alitoka muda mfupi tu baada ya kuingia, na hakurudi. Vidole akasema hapana, bosi, utepe ninao hapa mbele yangu, unasema nipo kazini, nimeuona mchana kutwa. Meneja akacheka puani. "Mama, mfumo haudanganyi," alisema, akakata.

Huo utepe sharti tuuelewe, kwa sababu ndio uliomponza. Ofisi ilikuwa imeweka programu yake ndani ya kila kompyuta waliyowapa wanukuzi. Ukiingia kazini, utepe mweusi unajitandaza juu ya kioo, na maandishi meupe makubwa: NIPO KAZINI. Haufichwi, hausogezwi, haufunikwi. Mtandao ukikatika, programu inakutoa, kamera yake ya mahudhurio inajifunga, na utepe unageuka kijivu kitupu bila neno. Basi unajua umetoka, unaingia tena.

Vidole aliinama karibu na kioo. Kisha akaenda kufunga pazia, maana jua lilikuwa linaingia kwa mabavu, akarudi akainama tena. Moyo ulimlipuka paa! Utepe ulikuwa wa kijivu. Na juu ya ule ukijivu, hafifu, maneno yalikuwa bado yamekaa pale pale: NIPO KAZINI. Hayakuwa maandishi. Yalikuwa alama yake, kama ile inayobaki ukutani picha ikishaondolewa.

"Fundi, njoo usome hapa."

"Nipo kazini," alisoma mumewe.

"Umeona? Na wewe umesoma. Na kumbe sipo."

*

Alama yenyewe hakuigundua siku hiyo. Alishaiona zamani, kwenye kurasa nyeupe, utepe ukiwa haujatokea, akadhani ni uchafu, akaifuta kwa kitambaa mpaka mkono ukamuuma. Ilipokataa kutoka akamwendea Waya. Waya alikuwa fundi wa mitambo wa ofisi, mtu mzima, kichwa kizima mvi, bado kidogo tu astaafu. Waya aliitazama mashine, akatazama mlango, akasema kwa sauti ya chini, "Ni kivuli. Wote mnacho. Nyamaza, utajitafutia balaa." Vidole akanyamaza. Hakufikiria kwamba kivuli kinaweza kumdanganya. Macho ya mnukuzi yako kwenye mistari anayoandika. Utepe anautupia jicho tu, akiona maneno yapo, anaendelea. Sauti zote za siku alikuwa ameshazipakua asubuhi, kwa hiyo hata mtandao ulipokatika kazi haikukwama. Aliandika kutwa nzima akidhani anahesabiwa.

Kesho yake alimpigia Waya akamweleza yote. Kwa simu, mbali na ofisi, Waya alikuwa msemaji.

"Nilijua litatokea tu," alisema. "Mwanangu, hivyo vioo ni vya OLED. Kila nukta inajiwashia taa yake yenyewe, ndiyo maana nyeusi yake ni nyeusi kweli, na rangi zinakuwa kama unaweza kuzila. Kwa mtu wa picha, mtu wa filamu, kizuri hicho, sikisemi vibaya. Lakini nukta inayowaka sana inachoka. Ukiiwekea kitu kimoja kutwa, kila siku, wiki nenda wiki rudi, inachakaa kwa umbo la kitu hicho."

"Kwa hiyo havifai kazi?"

"Vinafaa, ukijua kuishi navyo. Unapunguza mwanga, unaweka ukurasa mweusi, vitu vya pembeni unavificha, kioo unakiacha kipumzike. Vya siku hizi hata vinajisogeza vyenyewe kidogo. Sasa nyinyi hamwezi hata kimoja. Utepe haufichwi. Ukurasa mweupe. Kioo kulala marufuku. Na mwanga wameufunga juu kabisa, ili uwamulike uso, kamera ya mahudhurio iwaone."

"Sasa kwa nini walinunua hivi?"

Waya alivuta pumzi. "Muuzaji alikuja na filamu ya samaki wanaong'aa gizani. Meneja alikodoa macho kama mtoto. Nilisema kidogo. Nikaambiwa nisiwe mshamba. Na chake hakina alama hata moja, kwa sababu yeye hana utepe."

"Basi kayaseme hayo ofisini."

Waya akasema ana mtu mlangoni, akakata. Wenzake wengine nao walimwandikia pembeni, mmoja mmoja: na changu kina kivuli, pole sana, ila tafadhali usinitaje. Vidole alisoma zile pole, akaona heri angetukanwa.

*

Ofisi ilimwita na ikampa karatasi aende nayo nyumbani akatafakari. Hakuwa ametakiwa kulipa kitu. Karatasi ilisema kwamba yeye aliacha kazi bila ruhusa siku ile, kwamba aliharibu kioo kwa uzembe, kwamba anaomba radhi. Na kwamba ofisi, kwa ubinadamu wake, imemsamehe na itampa mashine nyingine. Asiposaini, arudishe mashine na asirudi yeye. Chini kulikuwa na nafasi ya saini yake na nafasi ya mdhamini.

Mdhamini alikuwa mama mkwe wake. Muuguzi mstaafu, mnyoofu, mtu anayepiga pasi hata kitambaa cha jikoni. Wakati Vidole anaajiriwa ofisi ilitaka mtu wa heshima wa kumdhamini, na mama huyo alisaini huku anatabasamu. Sasa alikuwa kwenye kochi la mwanawe, moja kati ya yale yanayosubiri kitambaa, ameishika karatasi kwa ncha za vidole.

"Jina langu halijawahi kuitwa ofisini kwa ubaya," alisema. "Hata siku moja."

"Samahani, mama."

"Saini yaishe, mwanangu. Maneno tu hayo."

Fundi alidakia. "Si ndivyo ninavyomwambia tangu jana? Wamesamehe! Hawakati kitu. Wanatoa mashine mpya. Mtu anakupa msamaha wa bure, unamuuliza umetengenezwa wapi?"

"Msamaha wa kosa gani?" Vidole aliuliza.

"Lolote! Mimi mteja akisema kochi limepinda, nasema samahani mzee, nalizungusha upande wa pili, nalirudisha vile vile. Anafurahi. Nakula."

"Kochi lako halina mtu aliyekuita mwizi wa kitambaa mbele ya soko zima."

Fundi akaokota msumari sakafuni. Aliipenda hasira ya mkewe ilipokuwa inawaelekea watu wengine, kama mwenye nyumba na wauza vitambaa. Hii ilimtisha kwa sababu haikuwa na pa kuishia. "Mke wangu," alisema taratibu, "mimi naogopa. Nakwambia ukweli. Ukitoka pale, sisi tunakuwa wageni wa nani?"

Hilo lilimchoma Vidole kuliko yote. Kumbishia mtu mjinga ni rahisi, na mumewe hakuwa mjinga. Alikaa karibu yake, juu ya sponji na manyuzi.

"Na mimi naogopa," alisema. "Lakini nikisaini hapa, siku ile sikuwepo. Umenisikia? Mgongo uliouma haukuwa wangu. Wewe ulikuwa unapiga nyundo nyumba haina mtu. Na kesho kivuli kikimdanganya mwingine, watamwonyesha saini yangu, waseme, mwenzio alikiri. Siwezi. Nimejaribu kuishika kalamu tangu asubuhi, mkono unakataa."

Mama mkwe aliikunja karatasi, akaikunjua, akainyoosha mapajani kama shuka ya wodini. "Kesho tunakwenda wote," alisema. "Wakinieleza nikaelewa, utasaini, na mimi nitasaini. Sitaki ubishi njiani."

*

Ofisi ilikuwa ghorofa ya juu, mlango wa kioo, viti vya wageni vya plastiki na vya wenyewe vya ngozi. Meneja alikuwa kijana wa shati lililobana, mchangamfu, mtu ambaye hapendi ugomvi na kwa hiyo hupenda watu wakubali haraka. Aliinuka kumsalimia mama mkwe kwa shikamoo yenye heshima zote, akamvutia kiti cha ngozi. Vidole alijivutia cha plastiki. Waya naye aliitwa, akakaa pembeni kabisa ya meza.

"Mama, nashukuru umekuja," alisema meneja. "Vijana wetu hawa wakati mwingine wanahitaji mzazi. Sisi hatuna ugomvi. Tumeshasamehe."

"Nimeona," alisema mama mkwe. "Ila mimi mzito wa kuelewa, mnieleze. Siku hiyo kazi alifanya au hakufanya?"

Meneja alifungua kompyuta yake, ile isiyo na alama. "Kazi ipo. Aliituma jioni aliporudi mtandaoni. Kazi yake nzuri, hilo hatukatai."

"Kwa hiyo alikuwepo."

"Hapana, mama. Kazi ipo, ila yeye hakuwepo. Kimfumo."

"Kwa hiyo kazi ilijifanya?"

Waya alikohoa. Meneja alitabasamu kwa upande mmoja. "Mama, kimfumo mtu akitoka, ametoka. Tukianza kuangalia nani alifanya nini kweli kweli, hatutamaliza."

Vidole aliweka mashine yake mezani, akaifungua, akaweka ukurasa mweupe mtupu, akaigeuza iwaelekee. Hakuna aliyehitaji kuinama. NIPO KAZINI ilikuwa imejichora juu kabisa, kila herufi.

"Mimi sikuandika hayo," alisema. "Mliyaandika nyinyi, mkanikataza kuyafuta mpaka yakaota mizizi. Siku ile yaliniambia nipo, nikayaamini. Hilo ndilo kosa langu, kuamini mashine yenu. Nitafutieni karatasi inayosema hivyo, nitasaini sasa hivi."

"Uzembe ni kutokuripoti," alisema meneja, na uchangamfu ulianza kumtoka. "Kioo kimekuwa hivi muda mrefu. Ulimwambia nani?"

Jibu lilikuwa limekaa pembeni ya meza, linatazama viatu vyake. Vidole angeweza kulitaja, na wala isingekuwa uongo. Lakini alizikumbuka zile mvi, na ule muda mdogo uliobaki astaafu, na akaona kwamba akimsukuma mzee wa watu mbele ya gari ili yeye apone, atakuwa amejifunza kazi ya meneja.

"Nilisema," alijibu. "Nilimwambia nani, simtaji. Ajitaje mwenyewe akitaka."

"Basi hukusema." Meneja alisukuma karatasi na kalamu. "Dada, nina kazi. Saini, uchukue mashine mpya hapo nje, turudi kuwa ndugu."

"Msamaha mpeni aliyekosa. Mimi sisaini."

Meneja aliigeuza karatasi kwa mama mkwe, sauti ikarudi kuwa ya asali. "Mama, wewe una busara. Saini wewe kama mdhamini. Inatosha. Umwokoe mkweo na kiburi chake."

Vidole hakumtazama mama mkwe wake. Alijua ahadi ya jana, na alijua uzito wa jina lile. Alisikia miwani inatolewa kwenye mkoba, kalamu inainuliwa, karatasi inasomwa tangu juu, polepole, mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Kisha kalamu ikalazwa.

"Mimi nimefanya kazi wodini," alisema mama mkwe. "Usiku mzima unambeba mgonjwa, asubuhi mkubwa wako anapita hakuoni, anauliza nani alikuwa zamu, kama kitanda kilijitandika. Nilinyamaza. Nilisaini kila walichonipa, nikajiita mtu wa amani. Kijana, hii nimeisoma yote, na nimeelewa. Sisaini."

"Mama!" alisema Vidole, na machozi yakamtoka hapo hapo, bila aibu.

"Usinilize na wewe, kaa vizuri."

Meneja aliinuka, akakaa. "Kuna mtu lazima asaini," alisema, na safari hii ilikuwa kweli anaomba. "Hamnielewi. Vioo vinaharibika, wakubwa watauliza. Hili faili haliwezi kufungwa bila jina la mtu! Waya, wewe ndiye mtunza mitambo. Andika hapo kwamba hukupata taarifa yoyote ya kioo kuharibika. Ukweli si ndio huo?"

Karatasi ilimfikia Waya. Aliishika muda mrefu kuliko wote.

"Aliniambia mimi," alisema.

"Nini?"

"Aliniambia. Nikamwambia anyamaze. Wamenieleza wengi, wote nimewanyamazisha." Alikuwa bado anatazama viatu, lakini maneno yalikuwa yanatoka yenyewe, yalishakaa ndani mno. "Na wewe bosi nilikwambia kabla hatujanunua. Nilisema kidogo, kwa woga, lakini nilisema. Siwezi kusaini."

Akairudisha karatasi. Ilikuwa imeizunguka meza yote, na sasa ilikuwa mbele ya mwenyewe. Nje, kupitia mlango wa kioo, watu wa mapokezi walikuwa wameacha kujifanya wanafanya kazi.

"Umesema kuna mtu lazima asaini," alisema Vidole. "Kalamu hiyo hapo."

Meneja aliitazama kalamu kana kwamba amewekewa dawa chungu. Hakuigusa. Alipitisha mkono usoni, na kwa mara ya kwanza akaonekana mtu wa kawaida tu, mtu mwenye mkubwa wake anayemwogopa. "Unataka nini?" aliuliza. "Siku yako? Nitairudisha. Mashine? Nitakupa, zile za vioo vya kawaida, tunaanza kuzirudisha. Nenda nyumbani, karatasi hii naichana."

Akaichana, kweli, vipande vinne, akavitupa kwenye pipa.

Mama mkwe alianza kufunga mkoba. Waya alipumua. Ingekuwa mtu mwingine angeshukuru, akashuka ngazi mbio kabla hawajabadili mawazo.

"Bado," alisema Vidole. "Uliniita mtoro kwenye grupu. Ulikosemea ndiko ukaseme."

"Dada, watu wameshasahau."

"Mimi sijasahau."

Meneja alitazama dari, akachukua simu yake, akaandika haraka haraka. Simu ya Vidole ikalia mkobani, ya Waya ikalia mfukoni, na kule mapokezi zikalia kwa mpigo. Vidole aliinuka, akavaa mkoba begani, akaitoa simu asome akiwa ameshasimama.

Mama mkwe hakuwa kwenye grupu. "Wameandikaje?" aliuliza, mkono tayari kwenye kitasa cha mlango.

Vidole alimsomea: "Wapendwa, taarifa ya juzi kuhusu mahudhurio ya mmoja wetu haikuwa sahihi. Tuendelee na kazi."

"Mmoja wetu," alirudia mama mkwe.

"Mmoja wetu."

"Na pale alipokuita mtoro, aliandika mmoja wetu?"

"Aliandika jina."

Mama mkwe aliachia kitasa. Vidole alivua mkoba begani, akauweka juu ya meza ya meneja, akavuta kile kiti cha plastiki akakaa.